Mzee Gatimu na Ngazi ya Shimo la Nafaka

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1989, Mzee Moffat Gatimu anastaafu baada ya kuitumikia Bohari ya Kirimara, hapa Nanyuki, kwa miaka ishirini na mitatu. Ukiongeza ile sita aliyofanya kazi ya ukuli katika bandari ya Mombasa kabla ya kuja kwetu, mtu huyu ametoa jasho la mizigo kwa karibu miaka thelathini, na bado ana vidole vyote vya mikono. Katika kazi yetu, hilo peke yake linatosha kumfanyia mtu sherehe.

Kamati ilitaka wasifu huu uandikwe na mmoja wa wapakiaji aliowafunza. Kila aliyeombwa alikumbuka ghafla kwamba mkono unamuuma. Ndipo kazi ikaniangukia mimi, Watiri, au Mama Ngendo kama wapakiaji wanavyoniita, karani wa mizani, niliyekaa katika kile kibanda cha vioo tangu mwaka 1970, nikiona kila lori linaloingia na kila mtu anayetoka. Najua kwa nini wenzangu walikataa. Huwezi kumwandika Gatimu ukairuka Oktoba ya 1984, na hakuna aliyetaka kuigusa. Basi mimi nitaigusa, na atakayekasirika anajua kibanda changu kiko wapi.

Mzee Gatimu alizaliwa Tetu mwaka 1934. Mwaka 1960 aliteremka Mombasa kutafuta riziki, akaandikwa kuli katika kikosi kilichofanya kazi ndani ya tumbo la meli, kule chini kabisa ambako mizigo hupangwa na jua halifiki. Huko alijifunza kufunga kamba, kusoma mkono wa mwendesha winchi, na kutosimama kamwe chini ya kitu kinachoning'inia. Huko pia aliwaona wenzake wawili wakifa katika meli iliyobeba mbata, nazi zilizokaushwa. Wa kwanza alishuka akaanguka. Wa pili alimfuata amwinue, akaanguka juu yake. Hakuna aliyewapiga wala mzigo uliowaangukia. Mbata ilikuwa imeoza ndani ya chumba kilichofungwa, ikaimaliza hewa yote. Gatimu hueleza kwamba mzigo nao hupumua, na ukiufungia mahali, utapumua hewa yako na yake.

Bohari yetu ilipofunguliwa mwaka 1966, ilimtafuta mtu anayejua mizigo ya meli, kwa sababu mbolea na mahindi yalikuwa yanapanda kwa reli kutoka bandarini, na ngano ya Timau ilikuwa inateremka kwa reli hiyo hiyo. Wapakiaji walikuwepo wengi, wanaume wenye nguvu kutoka mashambani, lakini walibeba gunia kama wanavyomfukuza fahali, kwa ubishi. Walifika kazini na akala, vile viatu vya tairi, miguuni. Gatimu aliwapanga mstari kila asubuhi na kuwakagua miguu, na asiye na buti alirudi nyumbani, hata angelia.

Kisha kulikuwa na vita vya makabuti. Baridi ya asubuhi hapa kwetu mnaijua. Wapakiaji walivaa makabuti marefu ya kufika kwenye vifundo, na siku moja mkanda wa kupandishia magunia ulilikamata pindo la mmoja na kumburuta hatua kadhaa kabla hajauvua mkono wa mwisho. Jioni ile Gatimu alisimama langoni na mkasi wa kunyolea kondoo, akayakata makabuti yote magotini. Kesho yake wake za watu walijaa ofisini kwetu na vipande mkononi, na maneno waliyoyatoa siyaandiki katika karatasi itakayosomwa mbele ya mchungaji. Mzee alimwita mkewe, Murugi, aje na cherehani yake avishone vipande vile. Mwaka ule nusu ya watoto wa mtaa wa Majengo walivaa vizibao vya kabuti, na hakuna tena aliyeburutwa na mkanda.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa jingine, na lilikuwa gumu kwa sababu lilipigana na malezi yetu. Sisi watu wa huku tumelelewa kwamba mayowe yakilia, unatupa jembe na kukimbia. Huulizi ni nani, huulizi kuna nini. Anayebaki kwake mayowe yakilia hana jina tena, na siku yake ikifika atalia peke yake. Gatimu alilelewa hivyo hivyo. Sasa akawa anawaambia wanaume wazima kwamba katika shimo letu la nafaka, lile ambalo magunia hupasuliwa na kumwagwa ili mashine iyapandishe mahindi juu, mwenzako akianguka humo na mayowe yakalia, wewe simama. Washa kwanza feni ya kupuliza hewa shimoni, ingoje, jifunge kamba, ndipo ushuke. Watu walimtazama kana kwamba amewatukania mama zao.

Alilifundisha kwa njia yake. Alimlaza mtu mmoja pembeni mwa shimo, akamfanya mwingine apige mayowe, na wote waliokimbia bila kufikiri aliwaambia wamekufa. Aliwalaza mstari mmoja sakafuni, akavua kofia na kuwasomea ibada ya mazishi. "Tuko hapa kuzika huyu Kingori," alisema. "Alikuwa mtu mzuri sana, alikuwa anakula githeri ya watu watatu. Ameacha bibi na ng'ombe moja, na hiyo ng'ombe saa hii imeshachukuliwa na shemeji." Maiti walicheka mpaka wakajikunja. Waliorudi kwenye zoezi mara ya tatu hawakukimbia tena. Kwa miaka kumi na minane hatukumzika mtu hata mmoja aliyekufa kazini.

Mwaka 1981 bohari ilihitaji vijana. Mzee alikwenda mwenyewe kwa jirani yake wa kule Tetu, mama mjane aitwaye Wakonyo, akamwomba wanawe wawili, Muriithi na mdogo wake Ndungu. Wakonyo alikuwa na majani ya chai ya kuchuma na mikono michache. Alikubali kwa sababu aliyekuja kumwomba alikuwa rika la marehemu mumewe, na kwa sababu alimwahidi kwamba atawaangalia kama watoto wake. Ndungu alikuwa mcheshi, alipenda kuniimbia kila akipita dirishani kwangu. Muriithi alikuwa mkimya tangu zamani.

Sasa nimefika pale pale. Mwaka 1984 mvua ilikataa. Mahindi ya manjano yalikuja kwa meli kutoka ng'ambo, yakapanda kwa reli mpaka kwetu, na watu walijipanga langoni na mifuko tangu alfajiri. Baadhi ya mahindi yalikuwa yameloa maji njiani. Jumamosi moja shimo lilifungwa kwa kifuniko cha chuma likiwa na mabaki chini, kwa sababu mikono yenye njaa ilikuwa inayachota, na nani wa kuilaumu. Mahindi yale yaliyoloa yalikaa yakioza chini ya chuma mpaka Jumatatu.

Jumatatu asubuhi kifuniko kiliondolewa. Malori yalikuwa yanangoja, watu walikuwa wanangoja, na mkubwa wa wakati ule, ambaye ameshahama na simtaji jina, alikuwa anapiga kelele kazi ianze. Mzee Gatimu alikuwa mbali, upande wa mabehewa. Gunia tupu liliteleza likaziba mdomo wa mashine kule chini. Feni ilikuwa bado haijawashwa. Ndungu, aliyekuwa amelijua somo kuliko wengi, alishuka ngazi kulitoa. Nafikiri aliona ni jambo la kuinama na kuinuka tu. Hakuinuka.

Aliyekuwa mdomoni mwa shimo ni Marete, kijana wa Timau. Alipiga mayowe, na kabla mayowe hayajakatika alikuwa ameshashuka. Naye hakupanda.

Mimi nilikimbia na viatu vya ofisi. Sote tulikimbia, miaka kumi na minane ya mafunzo iliyeyuka kama mafuta ya nguruwe. Mzee alifika kabla yangu. Nilichokiona ni migongo ya wanaume iliyolizunguka shimo, na nilichokisikia ni sauti yake ikiita feni iwashwe, iwashwe, iwashwe. Waliokuwa mbele waliniambia baadaye kwamba alikuwa ameketi juu ya ngazi, ameuziba mdomo wa shimo kwa mwili wake, na alikuwa amemshika Muriithi kwa mikono miwili.

"Ni ndugu yangu! Niachilie, ni ndugu yangu!"

"Najua ni ndugu yako," Mzee alisema. "Ndio maana sikuachilii."

Feni ilipopuliza ya kutosha, Gatimu alijifunga kamba, akashuka mwenyewe. Alimfunga Marete, akavutwa juu. Alimfunga Ndungu, akavutwa juu. Alipotoka yeye kidevu chake kilikuwa kimejaa damu na meno mawili ya mbele hayapo. Alituambia alijigonga kwenye ngazi. Nani angeuliza habari za meno siku ile?

Daktari alisema vijana wote wawili walikufa mara tu walipoanguka, na yeyote ambaye angewafuata angelala pamoja nao. Lakini daktari haishi Tetu. Kule habari ilifika kwa sura yake: Gatimu aliiziba ngazi akakaa kitako, akamtazama mtoto wa Wakonyo akifa, na Muriithi akaamriwa asimame, akasimama. Siku ya mazishi, Mzee alipoukaribia mlango wa boma, Wakonyo alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba hatamzika mwanawe mbele ya mtu yule. Gatimu aligeuka na kofia yake mkononi. Nilikuwa pale. Nilitamani mtu aseme neno na mimi mwenyewe sikulipata.

Mwaka 1986 zizi la ng'ombe la Mzee kule Tetu lilishika moto mchana. Murugi alikuwa peke yake. Alipiga mayowe mpaka sauti ikamwisha, na mashamba yote ya karibu yalikuwa na watu wakichuma chai. Hakuna aliyekuja. Ndama alikufa ndani. Kesho yake, pale wanapopeleka maziwa, mtu mmoja alimwambia Murugi mbele ya wengine, "Tulikuwa tunangoja hewa ikuwe safi kwanza." Na watu walicheka. Murugi aliponisimulia hayo hakulia, alikuwa anamenya viazi, na aliendelea kumenya.

Tangu hapo Mzee amekuwa akienda nyumbani kama mgeni, anafika Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili. Likizo zake amezimalizia katika chumba chake cha bohari karibu na reli. Chumba hicho kuanzia Jumatatu ni cha mtu mwingine. Kwa hiyo tunapomwambia kwa furaha kwamba sasa ataenda kupumzika nyumbani, tujue tunamwambia nini. Tunamrudisha kwenye kijiji ambako mkewe alipiga mayowe asiitikiwe.

Kazi hakuiacha. Ibada zake za mazishi zilikoma siku ile, hakuna aliyemsikia tena akimzika mtu kwa mzaha. Alichofanya ni kuiwekea ngazi ya shimo kufuli, na ufunguo wake akauning'iniza ndani ya kibanda cha feni, ili asiwepo atakayeipata ngazi kabla ya kupita kwenye swichi. Maghala ya Karatina na Murang'a yaliomba aende kuwafunza watu wao, akaenda. Huko kote alisimulia kisa cha Ndungu na Marete bila kujisifu na bila kujitetea, kisha akawaonyesha fundo la kamba. Tangu mwaka ule hakuna aliyeanguka shimoni kwetu tena.

Mahali pake panachukuliwa na Muriithi. Kwa karibu miaka mitano wawili hawa wamefanya kazi bega kwa bega na maneno yao yote yamekuwa ya mizigo: vuta, legeza, ngoja, teremsha. Muriithi ameoa, ana watoto wawili, na anaufundisha ukaguzi wa miguu kwa ukali kuliko mwalimu wake. Nilipomwomba aandike mistari michache ya kumuaga Mzee, yeye hata mkono kuuma hakusingizia. Alisema hapana.

Wasifu huu ulikuwa umekwisha kuandikwa, na ulikuwa unaishia hapo juu kwa maneno matamu, Muriithi alipokuja kibandani kwangu juzi na kusimama dirishani.

"Mama Ngendo, nasikia umeandika ile siku."

Nilimsomea. Alisikiliza akiwa ameinama.

"Hapo kwa meno si ngazi," alisema. "Ni mimi. Nilimpiga. Nilimpiga kwa mdomo, kwa mbavu, kila mahali, na mtu ni rika ya baba yangu. Hakurudisha hata moja. Alinishika tu. Aliendelea kunishika mpaka mimi ndio nikachoka."

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyesema. Akasema waliokuwa wamelizunguka shimo waliona wote, na Mzee aliwaapisha pale pale, damu ikimtoka, wasimtaje. Kumpiga msimamizi ni kufukuzwa kazi. Kumpiga mtu wa rika la baba yako, kwetu, ni zaidi ya kufukuzwa kazi. Basi Gatimu alichagua aitwe jiwe na kijiji kizima, ili kijana asiitwe aliyempiga mzee. Na Muriithi kwa miaka yote hiyo alimwacha mama yake aamini kwamba alisimama kwa sababu aliambiwa asimame. Nimekaa na wapakiaji hawa karibu miaka ishirini na hakuna hata mmoja aliyeniponyokea neno. Nawalaumu na ninawaheshimu, na siwezi kuyatenganisha hayo mawili.

"Niandike hivyo hivyo?" nilimuuliza.

"Andika. Mama nilimwambia Jumapili."

Alimkuta Wakonyo amekaa nje, akipepeta maharagwe. Alimweleza yote. Mama aliuliza swali moja tu, kama Gatimu alikuwa analia. Muriithi akamjibu kwamba ndiyo, alikuwa analia, alimlilia shingoni wakati wote yeye Muriithi alipokuwa anampiga. Wakonyo aliendelea kupepeta. Hakusema amesamehe, na mtu asiende kusema nje kwamba amesamehe. Alisema hivi, nami naandika kama Muriithi alivyonipa: "Hakuna mtu amewahi kuja kuniambia vile mtoto yangu alikufa. Nasikia tu ya kusikia. Mwambie akuje Jumamosi aniambie mwenyewe. Nitapika chai."

Muriithi ndiye atakayemsindikiza Mzee. Amesema ataketi pale mpaka mazungumzo yaishe.

Mzee Gatimu, bohari inakushukuru kwa kila kidole na kila mguu uliotulindia. Wanaume waliotaka kushuka siku ile wameketi leo na wake zao na watoto wao, na hakuna hotuba inayoweza kulipia hilo. Wengine watakutakia uzee mrefu, ng'ombe wa maziwa na wajukuu, nami naitikia amina kwa hayo yote. Ila hayo ni ya baadaye. Kwa sasa, sisi wenzako wa Kirimara tunakutakia Jumamosi njema.